Tairi la Trela Usilipime kwa Meno Peke Yake

Hapa Kosele trela langu la trekta hubeba mchanga, matofali na viazi vitamu vya Kabondo. Msimu wa miwa huelekea Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony. Kazi ikikatika, hukaa juani wiki nyingi bila kusogea. Jua na hewa hukausha mpira, kwa hiyo tairi la trela mara nyingi huzeeka kabla meno yake hayajaisha. Hivi ndivyo ninavyolikagua.

Umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarehe huenda imechapwa upande mmoja tu, kwa hiyo inama uangalie na upande wa ndani. Likifikisha miaka mitano, lichunguze kwa makini zaidi. Miaka kumi ikitimia mimi hulitoa, hata kama meno bado yamesimama.

Ubavu. Futa tope kwa kitambaa chenye maji, kisha bonyeza mpira kwa kidole gumba. Nyufa zikifunguka hadi nyuzi zionekane, tairi hilo limekwisha. Likiwa na uvimbe, ujue nyuzi za ndani zimekatika. Fundi wa pancha hana kiraka cha kutibu hilo.

Meno. Yakiisha katikati, upepo umezidi. Yakiisha kingo zote mbili, upepo ni haba. Yakiliwa upande mmoja, kagua ekseli na beringi kwanza, la sivyo tairi jipya nalo litaliwa vilevile.

Upepo upime asubuhi, tairi likiwa bado baridi. Tairi lenye upepo mdogo chini ya mzigo mzito hujikunja na kupata joto kali hadi lipasuke. Dereva akiwa kwenye trekta huenda asihisi lolote mpaka trela liyumbe, na barabarani kuna bodaboda na watoto wa shule.

Wengi wetu hununua matairi ya lori yaliyotumika. Si vibaya, ila soma tarehe kabla ya kuuliza bei, na hakikisha yanayokaa ekseli moja yana saizi moja na yanamudu uzito unaobeba. Spea nayo ikague, maana huzeeka hata ikiwa imening'inia tu. Pesa ya tairi tafuta mapema, usingoje lipasuke.