Mtoto wa Maskini na Nafasi Yake Darasani

Fundisho kwa makatekista, walimu na wazazi

Mwezi wa Septemba madarasa hujaa watoto. Pasaka ikifika, nafasi nyingine zimekwisha kubaki wazi. Ni nani waliokuwa wakiketi pale? Mara nyingi ni watoto wa maskini. Hawakufukuzwa na mtu, wala hawakuaga. Fundisho hili lataka kuonyesha jinsi mtoto anavyoiacha shule polepole, na jinsi tuwezavyo kumzuia asipotee.

I. Umaskini huu umetoka wapi?

Wazee wa Likasi wakumbuka habari nyingine. Zamani mji ulipoitwa Jadotville, kampuni ya Union Minière iliwapa wafanyakazi wake nyumba, posho, matibabu na shule za watoto. Mwaka 1967 serikali iliichukua mali ya kampuni hiyo, na baadaye ikaitwa Gécamines. Desturi ile ikaendelea. Lakini mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka, na kazi ya shaba ikazidi kudhoofika katika Katanga nzima. Mishahara ikachelewa miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa kupewa malipo ya mwisho. Hivyo babu alikuwa akipokea posho, na mjukuu wake leo hana daftari. Jamaa za namna hii hazikuzoea kuomba. Ndiyo maana huificha shida yao.

Tena, tangu miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokosa kufika, wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwalipa. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilitangaza kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Agizo hilo lilianza kutimizwa mwezi wa Septemba 2019, hata katika shule zinazoongozwa na Kanisa kwa mapatano na serikali. Watoto wengi wakaingia, nasi twashukuru. Lakini minervali ikiondolewa, mengine hubaki: shati jeupe, nguo ya buluu, viatu, daftari, kalamu, na chakula cha asubuhi. Wala tusidhani kwamba mtoto asiyelipa minervali hana tena kizuizi.

II. Mtoto huachaje shule?

Tuseme yuko mtoto wa darasa la nne katika mtaa wa Kikula. Mama yake huuza makala ya kupikia kwa mafungu madogo kando ya njia. Jumatatu mtoto hana daftari. Mwalimu amwuliza mbele ya wote, na wenzake wacheka. Jumanne aja, aketi nyuma kabisa. Jumatano mdogo wake ana homa, naye abaki kumtunza, kwa kuwa mama yuko sokoni. Alhamisi aona haya kurudi, maana somo la jana limempita. Juma la pili jirani amchukua kwenda mtoni kuosha mawe ya shaba na kobalti. Jioni arudi na franka chache, na siku hiyo nyumbani wanakula bukari na samaki. Tangu hapo, nani atamshawishi mama yake kwamba shule ni bora?

Tuangalie vema. Siku ya kwanza shida ilikuwa daftari moja, na mtu mmoja angaliweza kuiondoa. Juma la pili imekuwa shida ya chakula cha nyumba nzima. Kwa hiyo siku za kwanza ndizo za kumwokoa mtoto. Anayemfuata mapema hupambana na haya yake tu. Anayechelewa hupambana na njaa ya jamaa yote.

Ni kweli, sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kazi zilizo mbaya kabisa kwa watoto. Na sababu yaonekana: mashimo huporomoka, vumbi huingia mapafuni, mizigo huharibu mgongo ambao haujakomaa. Lakini katazo halipiki chungu. Anayemwambia mama, “Mtoto asiende mtoni,” yampasa pia kuuliza, “Leo mtakula nini?”

III. Yatupasayo kutenda

Kwanza, mwalimu aite majina kila asubuhi, hata darasa likiwa limejaa mno. Mtoto akikosa siku tatu, mtu aende kwao: katekista, au mama mmoja wa shirika la mtaa. Aende kusalimu, si kuhukumu. Aseme: “Jambo, mama. Hatujamwona mwana wako siku hizi. Tumekuja kuuliza habari zenu.” Mama akiona anaheshimiwa, ataitaja shida yenyewe.

Pili, mtoto asiaibishwe. Neno la daftari au la viatu lisemwe faraghani. Ni vizuri shule iwe na daftari chache za akiba, zitolewe pasipo kutangaza jina la mwenye kupewa. Msaada uletao aibu humfukuza yule yule uliotaka kumsaidia.

Tatu, akina mama wa mtaa wafanye likelemba ya shule. Kila mmoja atoe kidogo kila juma kabla ya Septemba, na kila mmoja apokee kwa zamu yake, apate kununua nguo na daftari. Kwa njia hii hakuna anayeitwa mwombaji. Nguo za shule zilizokwisha kuwabana wakubwa ziletwe parokiani kwa ajili ya wadogo.

Nne, majirani wapeane zamu ya kuwatunza wadogo saa za masomo, ili dada mkubwa asigeuzwe kuwa yaya.

Tano, mtoto aliyerudi apewe mwenzake wa kumwonyesha masomo yaliyompita. Asipoelewa kitu, ataondoka tena, na safari hiyo kumrudisha kutakuwa kugumu zaidi.

Maswali na majibu

Swali: Je, shule ya bure yatosha kumweka mtoto wa maskini darasani?
Jibu: Haitoshi, yampasa pia kupata nguo, daftari, chakula, na heshima mbele ya wenzake.

Swali: Ni lini kumfuata mtoto aliyekosa?
Jibu: Katika siku za kwanza, kabla haya haijawa desturi, na kabla nyumba haijazoea franka anazozileta.

Swali: Anayekwenda nyumbani kwake aanze na neno gani?
Jibu: Aanze na salamu, kisha asikilize.

Zoezi la juma hili: kila msomaji apite katika njia ya kwake saa za masomo, awatazame watoto anaowakuta hapo. Ajifunze jina la mmoja wao, kisha apige hodi kwao.