Kwa Mtumbwi Ziwa Jipe: Mpishe Kiboko

Kutoka Moshi unapita Himo, unaingia wilaya ya Mwanga, kisha unaacha lami na kushuka ziwani. Jipe ni ziwa la kina kifupi. Mto Lumi huliletea maji kutoka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, na udongo unaosombwa kutoka mashamba ya juu huzidi kustawisha matete. Mpaka wa Kenya unapita katikati ya ziwa, na ng'ambo ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwa hiyo usivuke.

Tafuta mvuvi wa kijijini akupeleke, na mpatane bei kabla hujapanda. Vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama unajua kuogelea.

Kiboko hali watu, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Usiku hutoka kula majani nchi kavu. Alfajiri hurudi majini kwa njia zilezile alizozikanyaga kwenye matete. Mtumbwi ukiziba mdomo wa njia hiyo, hatatafuta nyingine. Subiri kupambazuke vizuri, na usikubali kupitishwa kwenye vichochoro vya matete, hata kama mvuvi ana haraka na nyavu zake. Kiboko akizama, usikae kungoja aibuke: anaweza kukaa chini dakika kama 5, na huko chini hutembea kwa miguu. Ukimwona anapanua kinywa, si usingizi huo, anakufukuza. Geuzeni taratibu, bila kelele. Mikono ibaki ndani ya mtumbwi, maana mamba nao wapo.

Kuhusu ndege, asubuhi jua huchomoza upande wa Kenya, na ukitazama huko utaona vivuli tu. Ingia ndani kidogo, halafu geukia milima ya Upare. Rangi zote zitajitokeza. Mdiria mweusi kwa mweupe hupigapiga mbawa akiwa amesimama hewani, kichwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa majini. Furukombe utamsikia kabla hujamwona. Penye viota, pita mbali.

Wanaopenda maji maangavu huenda Ziwa Chala, Rombo, kreta yenye kina cha zaidi ya mita 90. Huko pia usiogelee: mwaka 2002 mamba alimuua kijana kutoka Uingereza.

Ukiwa Jipe, upepo ukianza kuvuma, rudini. Ukishuka, usisimame majini kuosha miguu, kwani konokono wa kichocho hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Ukiona damu kwenye mkojo, hata baada ya miezi, nenda kituo cha afya na useme uliingia ziwani.