Matikiti yanachanua lakini hayashiki? Hesabu nyuki kabla hujanunua busta



Msimu uliopita kijana mmoja anayelima tikiti maji ekari moja alinipigia simu asubuhi na mapema. "Shikamoo bwana shamba. Maua ni mengi lakini yanadondoka, na matikiti machache yaliyoshika yamepinda kama kibuyu. Nipige busta gani?" Nikamwambia asinunue kitu, nakuja.

Nilikuta mimea mizuri, ya kijani kabisa. Lakini pembezoni kulikuwa peupe, alishapiga dawa ya magugu mpaka kwenye mfereji. Yeye mwenyewe alikuwa na bomba mgongoni, anapiga dawa ya wadudu mafuta. Kila mara hupiga asubuhi kwa kuwa upepo umetulia. Tukakaa kwenye maua kama robo saa. Hatukuona nyuki hata mmoja.

Kumbe shida haikuwa mbolea. Shamba lilikosa wafanyakazi.

Ua la tikiti linavyofanya kazi

Tikiti lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja. Ua jike utalijua kwa kitikiti kidogo kilichopo chini yake. Maua dume hutangulia, kwa hiyo ukiona ya mwanzo yanadondoka usishtuke.

Ua jike hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo. Halifunguki tena. Chavua ya tikiti inanata, upepo hauibebi, lazima mdudu ailete. Na ziara moja haitoshi: ua linahitaji kutembelewa na nyuki mara 8 hivi au zaidi. Kichwa cha ua jike kina sehemu tatu, na upande uliokosa chavua haukui vizuri. Ndiyo maana tikiti linapinda, na dalali analikataa. Joto kali na ukosefu wa maji navyo huangusha matunda, ila anza kwa kuangalia nyuki.

Kwa nini aina nyingi, si nyuki mmoja tu?

Wengi tukisikia nyuki tunawaza wale wa asali tu. Lakini shambani wapo pia nyuki wadogo wasiouma, wapo wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na wapo wanaochimba vishimo ardhini. Hawafanani kazi. Kuna anayewahi asubuhi na kuna anayesubiri jua lipande.

Mwaka 2002, Claire Kremen na wenzake walichapisha utafiti wao wa mashamba ya matikiti huko California, Marekani, ambako wakulima hukodi mizinga ili kupata uchavushaji. Waliona kwamba mashamba yasiyotumia kemikali na yaliyo karibu na uoto wa asili yalichavushwa vya kutosha na nyuki wa porini peke yao. Mashamba ya kemikali nyingi, yaliyo mbali na uoto huo, yalikuwa na aina chache na nyuki wachache, na kazi haikutosha.

Hapa ndipo penye somo. Aina iliyofanya kazi kubwa mwaka mmoja haikuwa lazima iwe ileile mwaka uliofuata. Moja ikipungua, nyingine inaziba pengo. Ni sawa na kuwa na vibarua watano badala ya mmoja: huyo mmoja akiugua siku ya kuvuna, umekwisha. Aina nyingi za viumbe shambani ni bima ya mtaji wako.

Fanya hivi

1. Hamishia dawa jioni, kuanzia saa 10, maua yakishafunga. Usichelewe hadi usiku, majani yapate muda wa kukauka.
2. Kagua kwanza, piga dawa pale wadudu wamezidi, si kwa kufuata kalenda.
3. Soma kibandiko. Wakati wa maua epuka dawa zenye onyo la nyuki, hasa zinazoingia ndani ya mmea kama imidacloprid, kwa sababu hufika mpaka kwenye chavua.
4. Acha ukanda wa mimea yenye maua pembezoni. Panda alizeti, mbaazi au kivumbasi. Hata kishona nguo kina faida huko mpakani, ila usikiache kiingie shambani.
5. Acha sehemu ndogo isiyolimwa wala kuchomwa moto. Nyuki wa ardhini wanaishi humo.
6. Mizinga ni nyongeza nzuri, lakini isichukue nafasi ya namba 1 hadi 5.

Kazi ya nyumbani

Kesho saa 2 au saa 3 asubuhi, kaa karibu na ua jike moja kwa dakika 15. Andika wamekuja nyuki wangapi na wa aina ngapi. Rudia siku tatu, sehemu tofauti za shamba. Ukikuta aina moja tu, au hakuna kabisa, anza kurekebisha leo.

Yule kijana alihamishia dawa jioni, na maua yaliyofuata yakaanza kushika. Ila ya mwanzo yalishapotea. Mavuno yakachelewa, akaingia sokoni bei imeshashuka. Hasara ile hakuna busta ambayo ingeirudisha.

Ukishahesabu, niandikie umepata aina ngapi na unalima wapi. Tutajadiliana hapa.