Maradhi ya Viungo na Sahani Zetu: Funzo Kutoka Milima ya Kisii

Ndugu msomaji, zitazame safu za misikiti yetu ya pwani. Viti vimezidi. Wanaovikalia si wazee wakongwe tu, bali wamo na watu wa makamo. Mwenye udhuru dini imempa ruhusa kusali ameketi, wala hana lawama. Lakini yatupasa tujiulize: magoti haya yameharibiwa na nini, na je, sisi wenyewe hatuna mkono katika uharibifu huo?

Wengi hujibu kwa neno moja: baridi. Hata jina la maradhi, baridi yabisi, lafundisha hivyo. Wengine husingizia jini, wakatoa fedha zao kwa hirizi na makombe. Basi na tuipime kauli hiyo ya baridi. Nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, ni ya vilima, na sehemu yake kubwa imepita mita 1,500 juu ya bahari. Mvua zake ni nyingi na asubuhi zake zina ukungu. Lau baridi ndiyo asili ya maradhi haya, wao wangelemaa wote, na sisi wa nchi ya joto tungesalimika. Sivyo ilivyo. Baridi huweza kumzidishia mgonjwa maumivu, lakini siyo iliyayo gegedu, ule mto laini ulio baina ya mifupa.

Sasa tuangalie watu wa huko walivyozoea kula. Chakula chao cha asili ni obokima, ugali wa wimbi, kwa mboga za majani: chinsaga, ambayo kwa Kiswahili ni mgagani, na rinagu, ndiyo mnavu. Mgagani ni mchungu, kwa hiyo huchemshwa sana na pengine hutiwa maziwa. Wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mchele na mahindi, na kalsiamu ndiyo nguvu ya mifupa. Kisha mtu hupanda na kushuka vilima kwenda shambani, kuchuma chai na kwenda sokoni. Alichokula hukitumia.

Hatusemi kuwa huko hakuna wagonjwa. Mizigo mizito ya miaka mingi huchakaza magoti na mgongo. Na leo mahindi yameshika mahali pa wimbi, soda zimefika madukani, na bodaboda zinambeba aliyekuwa akitembea. Twachukua lililo jema, na lisilofaa twaliacha.

Matabibu wamebainisha njia tatu ambazo kwazo mazoea yetu huvidhuru viungo.

Kwanza, uzito. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa kila kilo moja apunguzayo mtu mnene huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Na kabla yake, mwaka 1992, utafiti wa Framingham ulionyesha kuwa wanawake waliopunguza kilo 5 hivi walipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata maradhi ya goti.

Pili, jongo. Asidi ya yuriki ikizidi katika damu huganda kiungoni mfano wa sindano, khasa katika kidole gumba cha mguu. Huzidishwa na maini, figo, nyama nyekundu nyingi, dagaa, na soda za sukari. Pombe, mbali na uharamu wake, nayo huizidisha.

Tatu, kukaa. Misuli ya paja ndiyo nguzo ya goti; isipotumiwa hudhoofika, na goti likabaki bila ya msaidizi.

Ndugu zangu, haya si mageni kwetu. Katika sura ya Al-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Na Mtume (s.a.w.) ametufunza tuligawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la maji na la pumzi. Lakini angalieni sahani za pilau katika arusi na matanga yetu, na futari zetu za Ramadhani, ambapo usiku mmoja hula faida ya saumu ya mchana! Tulipoacha mafunzo hayo, tumeyalipa kwa magoti yetu.

Basi tuanze na machache. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Maji yawe badala ya soda. Awezaye kwenda msikitini kwa miguu, asipande gari.

Wala mtu asidhani kuwa mgagani ni dawa ya kila kiungo. Yako maradhi ambayo mwili hujipiga wenyewe, nayo hutaka tabibu mapema kabla viungo havijapindika. Kiungo kikivimba ghafula, kikawa cha moto, na homa ikaja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na vidonge vya maumivu visimezwe kila siku bila ya shauri la tabibu, maana huweza kudhuru tumbo na figo.

Mwili ni amana. Tuulinde tungali na nguvu, ili paji la uso liendelee kufika chini.