Hamu na Sababu Zake

Yapasa kujulikana kwamba hamu si huzuni. Huzuni ni ya jambo lililokwisha pita. Hamu ni ya jambo lisilokuja bado. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na yote mawili, akiyataja mbalimbali.

Tazama mtu wa Pwani aendaye Sumbawanga. Hajafunga hata mzigo, na sifa ya uchawi wa mji ule imekwisha mwondolea usingizi. Na hali jina lenyewe, kwa Kifipa, yasemwa maana yake ni "tupa uchawi". (Kana kwamba Pwani hakuna wapiga ramli!)

Khofu ameumbiwa mwanadamu iwe mlinzi wake. Mkulima wa Ufipa aikhofiaye njaa hufukia majani katika matuta ya mviringo, yaoze, ardhi ipate nguvu. Khofu yake imepata kazi, ikatulia. Lakini khofu isiyopata kazi hutafuta wa kushitakiwa, na kwa ajili hiyo vikongwe wasio na hatia wameuawa katika Tanzania hii.

Abu Zayd al-Balkhi, tabibu wa nafsi aliyefariki mwaka 934, aliagiza mtu aweke akiba ya fikira njema siku za salama, kama awekavyo dawa nyumbani kabla ya maradhi.