Sahani ya Maji ya Sukari Bustanini: Huruma Inayoweza Kuua Nyuki



Kila masika yakikolea naulizwa swali hili: "Bwana shamba, nyuki wana njaa, wanazunguka mpaka jikoni. Nimewawekea sahani ya maji ya sukari bustanini. Nafanya vizuri?" Nia ni njema kabisa, lakini jibu langu ni hapana. Leo naeleza kwa nini.

Njaa yenyewe ni ya kweli. Kati ya Machi na Mei mvua kubwa huosha mbochi kwenye maua, na nyuki hawawezi kuruka mvua inaponyesha. Wenzao wa Ulaya hujikusanya mzingani wakila akiba mpaka baridi iishe. Hawa wetu, njaa ikizidi, huhama. Kwa mkulima wa Mang'ula aliyetundika mizinga kwenye uzio ili kuzuia tembo wa Udzungwa, mzinga mtupu ni hasara mara mbili: asali hakuna, na tembo hana wa kumwogopa.

Sasa, sahani ya wazi ina ubaya gani?

1. Inaleta wizi. Kundi lenye nguvu ndilo linalofika kwanza na kubeba kingi. Sahani ikikauka, nyuki wale wale huvamia mizinga dhaifu ya jirani na kuiba akiba. Yaani unayetaka kumwokoa ndiye anayekufa.

2. Inasambaza magonjwa. Makundi mengi yanakula chombo kimoja. Hatari zaidi ni kuwapa asali ya dukani au ya mzinga usioujua. Bakteria wa ugonjwa wa kuoza kwa majana hujificha ndani ya asali, wakiwa kwenye ganda gumu, kwa zaidi ya miaka 35. Binadamu hadhuriki, lakini majana hufa. Mwaka 2009 ugonjwa huu uligundulika kwenye mizinga ya Western Cape, Afrika Kusini.

3. Inachacha. Kwa joto letu, maji ya sukari huanza kuchacha haraka na kuwaharisha nyuki. Sukari guru nayo inawaharisha.

4. Inaleta nyuki nyumbani. Wakigombania chakula huwa wakali. Watoto, mbuzi na kuku ndio wa kwanza kuumwa.

Hata nje wanakosea hivi hivi. Mwaka 2018 ulisambaa Facebook ujumbe wenye jina la mtangazaji David Attenborough wa Uingereza, ukiwahimiza watu waweke maji ya sukari bustanini. Hakuuandika yeye.

Ufanye nini basi?

Kama unafuga, dawa ya kwanza iko kwenye mavuno. Usikombe masega yote. Waachie nyuki akiba ya kuvuka masika. Ukiona mzinga ni mwepesi na masega hayana asali, lisha hivi:

- Changanya kilo 1 ya sukari nyeupe na lita 1 ya maji safi.
- Tia kwenye kopo lenye kifuniko kilichotobolewa vitundu vidogo, kisha lipindue ndani ya mzinga.
- Fanya hivyo jioni, usimwage hata tone nje, na punguza mlango wa mzinga ili walinzi waumudu.
- Kilichobaki baada ya siku mbili kitoe.
- Maua yakirudi, acha kulisha. Ukiendelea, sukari itaingia kwenye masega na utauza sukari kwa jina la asali. Mteja akigundua, soko limekwenda.

Kumbuka pia kwamba sukari inatia nguvu tu. Majana hukuzwa kwa chavua, na chavua haiuzwi dukani kwa Mangi.

Kama hufugi ila unawapenda nyuki, panda mlonge, mbaazi, alizeti, michungwa na minazi. Kiangazi weka maji matupu kwenye sahani yenye mawe ya kutulia ili wasizame, na uyabadilishe kila siku. Usipulizie dawa ya wadudu mchana maua yakiwa wazi.

Ukiona majana yamekufa, yananuka na yanavutika kama gundi ukichokoa kwa kijiti, usihamishe sega wala kifaa kwenda mzinga mwingine. Mwite Afisa Nyuki wa halmashauri yako siku hiyo hiyo.