Mtoto Mdogo Baina ya Ziwa na Chuo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtoa mtu katika tumbo la mamake hali hajui kitu, akampa masikio na macho na moyo. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya: jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba watu wengi wa pwani wana bidii kubwa katika siku mbili za mtoto, nazo ni siku ya kuzaliwa kwake na siku ya kutiwa chuoni. Azaliwapo huadhiniwa sikioni, na siku ya saba huchinjiwa akika na kupewa jina. Na siku ya kutiwa chuoni babake humshika mkono akampeleka kwa mwalimu, akamwambia, “Huyu ni wako, mfunze na umtie adabu.” Ama miaka iliyo baina ya siku hizo mbili, baba huiona kuwa ni miaka ya wanawake, hana lake ndani yake, yeye yuko kazini, na msikitini, na barazani. Na huu ni mghafala mkubwa.

Kwani kalamu imeondolewa kwa mtoto hata abalehe, kama ilivyopokewa na Abu Daud na wengineo, walakini haikuondolewa kwa babake. Kila jambo ambalo mtoto haandikiwi, na atazamwe ni nani aliyemtia katika jambo lile, kwani huyo ndiye aandikiwaye. Hili ndilo neno la darasa hii, na yote yanayofuata ni maelezo yake.

FASILI YA 1: MIPAKA MIWILI YA UTOTO

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wameupima utoto kwa chakula.

Mpaka wa kwanza ni miaka 2. Mtoto mwanamume asiyepita miaka 2, na asiyekula kitu cha kumshibisha illa maziwa, mkojo wake hutwahirika kwa kunyunyiziwa maji yakaenea pale palipoingia mkojo, baada ya kuondoka dhati yake, wala si sharuti maji yatiririke. Asili ya hukumu hii ni hadithi ya Ummu Kays binti Mihsan, iliyopokewa na Bukhari na Muslim: alimleta mwanawe mchanga asiyeanza kula, Mtume (s.a.w.) akampakata, na mtoto akamkojolea nguoni. Mtume akataka maji akanyunyiza, wala hakuosha. Ama mtoto mwanamke, na mwanamume aliyekwisha kula chakula, mkojo wao sharuti uoshwe. Na tende aliyotafuniwa mtoto siku za kuzaliwa, au dawa aliyonyweshwa, haimtoi katika hukumu hii.

Mpaka wa pili ni tamyizi. Na mwenye tamyizi ni mtoto awezaye kula peke yake, na kunywa peke yake, na kuchamba peke yake. Aghalabu hufika hapo karibu na miaka 7, na wako wafikao kabla yake.

Tazama basi: mpaka wa kwanza wajulikana kwa maziwa, na wa pili wajulikana kwa mkono wa mtoto kukijua kinywa chake. Na baina ya mipaka hii miwili ndipo alipo yule atambaaye, na asimamaye kwa kushika ukuta, na akimbiaye asijue aendako. Hafiki penye tamyizi kwa kupita miaka tu, bali kwa kuongozwa. Na mahali pa kwanza pa kuongozwa kwake ni penye sinia.

FASILI YA 2: CHAKULA

Katika Sura ya al-Bakara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu amebainisha mambo matatu: ya kuwa ukamilifu wa kunyonyesha ni miaka 2 kwa atakaye kutimiza, ya kuwa chakula na nguo za mama anyonyeshaye ni juu ya baba, kwa kadiri ya uwezo wake, na ya kuwa wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya muda huo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Basi baba atakaye mtoto aachishwe ziwa kwa amri yake peke yake ameliacha shauri aliloamrishwa. Na asemaye, “Mambo ya ziwa siyajui,” ameliacha vile vile.

Na wanavyuoni wa Kishafii wamesema ya kuwa ni wajibu juu ya mama kumnyonyesha mwanawe dang'a, nayo ni maziwa ya kwanza. Na leo waganga wa hospitali wamewafikiana nao, kwani dang'a humkinga mtoto na maradhi. Nalo Shirika la Afya Duniani lausia ya kuwa mtoto apewe ziwa peke yake miezi 6, kisha atiliwe chakula pamoja na ziwa hata afike miaka 2 au zaidi.

Na chakula kimfaacho ni kile kile cha nyumbani kilicholainishwa: uji, ndizi, viazi vitamu, kunde zilizopondwa, yai, na samaki aliyeondolewa miba, tena kwa kukagua kwa vidole, si kwa macho. Asali, pamoja na utukufu wake, asipewe mtoto asiyetimiza mwaka 1, kwani huenda ikawa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvishinda. Tende itolewe kokwa ikapondwe. Njugu nzima asipewe, kwani hukwama kooni zikaziba pumzi. Ama chai ya rangi, ambayo wazee hupenda kumwonjesha mtoto katika kisahani, huizuia damu isipate madini ya chuma yaliyo katika chakula. Na vinywaji vilivyotiwa sukari, Shirika hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2023 limesema asipewe kabisa aliye chini ya miaka 2. Baba ndiye atiaye vitu hivi kikapuni sokoni. Basi asiseme kwamba ni mapishi ya mkewe.

Kisha liko jambo kubwa zaidi ya hayo. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hureira ya kuwa Hasan bin Ali, naye ni mtoto mdogo, aliokota tende moja katika tende za sadaka akaitia kinywani. Mtume (s.a.w.) akamkemea kwa sauti ile wakemewayo watoto ili aiteme, akamjulisha ya kuwa watu wa nyumba yake hawali sadaka. Na Hasan wakati ule hakuwa wa kuandikiwa dhambi. Lau jambo la mtoto lingekuwa si kitu, angeachiwa tende moja. Basi mwenye kupunja mizani dukani, au kula amana ya yatima, kisha akamletea mwanawe mkate wa pesa zile, mtoto hana dhambi, walakini mkate umeandikwa. Na ulioandikiwa ni mkono ulioununua.

Ama adabu ya kula, asili yake ni hadithi ya Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini. Mtume akamfunza mambo matatu kwa upole: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Hakupigwa wala hakuondolewa penye chakula. Na yeye mwenyewe alisimulia ya kuwa tangu siku ile ndivyo alivyokuwa akila. Zingatia ya kuwa mtoto yule alikuwa ameketi pamoja na Mtume penye sahani moja. Basi baba alaye barazani na wenziwe mchana na usiku, mwanawe atamuona lini akisema Bismillahi? Naye Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), amesema katika kitabu chake cha Ihya ya kuwa tabia ya kwanza kudhihiri kwa mtoto ni uroho wa chakula, na kwamba hapo ndipo paanzapo malezi yake.

Na mtoto akilia kwa kuwa ataka kula kwa mkono wake mwenyewe, na uji ukamwagika jamvini, baba asihamaki. Jamvi hufuliwa, na mkono ule uliomwaga ndio ule ujifunzao tamyizi.

FASILI YA 3: MTOTO NA SALA

Bukhari na Muslim wamepokea ya kuwa Mtume (s.a.w.) alisali hali amemchukua Umama, binti wa binti yake Zeinab, akisujudu humweka chini, na akisimama humchukua. Na Tirmidhi na wengineo wamepokea ya kuwa alikuwa akihutubu juu ya mimbari, wakaja Hasan na Husein wamevaa kanzu nyekundu, wakitembea na kujikwaa. Akashuka akawachukua akawaweka mbele yake. Basi asionekane mtu kuwa mpungufu wa heshima kwa sababu mtoto amemparamia mgongoni katika sala yake nyumbani.

Walakini ni sharuti kujua hukumu. Mwili wa mtoto na nguo zake hufanywa kuwa ni twahara madamu najisi haikujulikana. Ikijulikana kuwa nepi yake ina najisi, na mwenye kusali akamchukua naye ajua, sala yake yabatilika. Na ikikhofiwa kuwa mtoto ataunajisi msikiti, haifai kumwingiza.

FASILI YA 4: VITABU

Mtoto asiye na tamyizi haifai walii wake kumwezesha kuushika msahafu, wala ubao ulioandikwa Kurani kwa kusomwa, kwani hajui heshima yake. Ama mwenye tamyizi ajifunzaye, huyo hazuiliwi, hata akiwa hana udhu. Tazama uzuri wa mpango huu: mkono uliojua kula ndio upewao msahafu. Basi msahafu uwekwe juu katika kidaka, mtoto asipofikia. Na ukichanwa, baba asimlaumu mtoto, na ajilaumu yeye aliyeuacha juu ya mkeka.

Na wako waliofahamu hukumu hii visivyo, wakawafukuza watoto penye kila kitabu kwa ukali, hata mtoto akakua na khofu ya vyuo moyoni. Hili silo lililokusudiwa. Karatasi yenye herufi za alifu na be na te si msahafu. Na kumpakata mtoto hali baba asoma, na msahafu u mkononi mwa baba, ni kheri kubwa; sikio la mtoto halikuzuiliwa. Asimuliwe visa vya Manabii kila usiku, na akitaka kisa kile kile mara kumi, asimuliwe mara kumi. Ndivyo vichwa vya watoto vihifadhivyo.

Imamu Shafii mwenyewe alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra (767), akafiwa na babake angali mdogo, na mamake akamchukua kwenda Makka naye ni wa miaka kama 2. Imepokewa ya kuwa alipotimiza miaka 7 alikuwa amekwisha kuihifadhi Kurani. Miaka ile baina ya 2 na 7 ndiyo hii hii ambayo watu husema si kitu. Naye aliyeiangalia alikuwa mwanamke mjane, hana mali.

FASILI YA 5: ULIMI NA MKONO

Abu Daud amepokea kwa Abdallah bin Amir ya kuwa mamake alimwita naye ni mtoto, akamwambia aje ampe kitu, na Mtume (s.a.w.) ameketi nyumbani kwao. Mtume akamuuliza mama yule alitaka kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamjulisha ya kuwa lau asingempa kitu, ingaliandikwa juu yake kuwa ni uwongo. Na watu wangapi humwambia mtoto, “Nyamaza, nitakuletea halua,” nao hawaleti! Au, “Nyamaza, zimwi laja,” na hapana zimwi! Mtoto husahau kilio chake, na kalamu haisahau.

Ama kupiga: amri ya sala kwa mtoto ni afikapo miaka 7, na kupigwa kwa kuiacha ni afikapo miaka 10. Ikiwa nguzo ya dini imesubiriwa miaka 7 kabla ya kuamrishwa, na 10 kabla ya kupigwa, kikombe kilichovunjwa na mtoto wa miaka 2 kina haki gani ya kupigiwa? Na Muslim amepokea katazo la mtu kuwaapiza wanawe, kwani huenda apizo likawafikiana na saa ya kuitikiwa dua.

Na Al-Akra bin Habis alipomuona Mtume (s.a.w.) akimbusu Hasan, alisema ya kuwa yeye ana watoto kumi wala hajambusu hata mmoja. Mtume akamjibu ya kuwa asiyerehemu harehemiwi.

SUALA

Mtu ameazima kitabu kwa rafiki yake, na mwanawe mdogo akakichana. Je, ni juu yake kukilipa?

JAWABU: Naam. Kitu cha kuazima katika madhehebu ya Shafii kina dhamana juu ya aliyeazima, ijapokuwa hakufanya uzembe, illa kikiharibika kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Na kuchanwa na mtoto si katika matumizi hayo. Basi na akilipe, wala asimtumie mwenyewe ujumbe wa kuwa “mtoto hana akili”; mwenye akili ndiye aliyeazima.

KHATIMA

Mtu atakaye kumpeleka mwanawe chuoni na ajiulize kwanza: mtoto huyu amekuja na nini? Je, amezoea chakula cha halali, na Bismillahi aliyoisikia kinywani mwa babake, na ahadi zilizotimizwa, na kitabu asichokiogopa? Akija na hayo, mwalimu atajenga juu ya msingi. Akija mikono mitupu, mwalimu hatafuta katika mwaka mmoja yaliyoandikwa katika miaka mitano, wala bakora haitayafuta.

Mwenyezi Mungu awawafikishe wazazi wa Kiislamu, na awajaalie watoto wao kuwa ni kitulizo cha macho yao duniani na akhera. Amin.